Nani Atawafungulia Nyuki

Asubuhi tuliyotoka Gakindu, mimi na Guka hatukuwa na safari. Mwenye safari alikuwa Tata Njeri, dada mkubwa wa mama yangu, pamoja na sanduku lake la nyuki lililokuwa likivuma nyuma ya pikapu kama redio iliyokosa stesheni. Guka, babu yangu mzaa mama, alikuwa jikoni akila. Alimaliza githeri ya jana akaniambia niongeze. Akanywa uji, akasukuma kikombe mbele yangu nikijaze tena. Siku nyingine zote mzee huyo alikuwa akila nusu na kumwachia mbwa nusu. Niliona ajabu, lakini uso wangu ulikuwa umevimba na jicho moja limejifunga, sikuwa na hamu ya kuuliza chochote. Kisha akasimama, akavaa koti lake la sufu, akachukua kigoda chake, akatoka bila kufunga mlango, akapanda nyuma ya pikapu.

"Baba, na wewe unaenda wapi?" Tata Njeri akamuuliza.

"Nani atawafungulia?"

Gari lilipoanza kusogea, nami nikarukia nyuma, nikakaa kando ya sanduku, kwa sababu hakuna aliyeniambia nibaki. Huko nyuma yetu msumeno wa petroli ukawaka, ukakohoa, kisha ukaanza kulia kwa sauti moja ndefu. Guka hakugeuka.

Nimelala katika vyumba vingi tangu siku hiyo. Miguu yangu ni ya mtu asiyekaa, na nimekwisha kuacha kuilaumu. Juzi nimehamia chumba kingine tena, na mwenye nyumba, ili droo ya meza isikwame, alikuwa ameipaka nta. Niliivuta nikitaka kuweka kitana tu, harufu ikanijia, nikabaki nimesimama na droo mkononi. Wenzangu wa rika langu mliolelewa chini ya mlima mnaijua harufu hiyo: si ya asali, ni ya mahali asali ilipokuwa imekaa.

Shule niliiacha nikiwa darasa la sita. Watu hupenda kusikia kwamba karo ilikosekana, na kweli ilikosekana, lakini hata ilipokuwapo sikuweza kukaa. Mwalimu akiandika ubaoni, mimi nilikuwa nikimtazama chungu anavyobeba punje ya wimbi dirishani, nikitaka kujua anaipeleka wapi. Mama alikuwa akipika katika hoteli moja Kenol, pale malori yanapogawana njia, na aliona Kenol si mahali pa kumwacha msichana anayefuatafuata kila kitu kinachotembea. Akanipeleka Gakindu kwa baba yake, nimpikie na kumtekea maji.

Nilikuwa nimepewa jina la Cucu, mke wa Guka aliyekufa, Wanjiku. Kwa desturi yetu Guka hakuniita mjukuu. Aliniita bibi yangu, kama mkewe. "Bibi yangu, chai iko wapi?" "Bibi yangu, leo umetupikia mawe?" Majirani wakicheka, naye akicheka. Mimi sikuona cha kucheka. Nilijua nimewekwa mahali pa mtu, na kwamba mtu huyo alikuwa na kazi ya kumwangalia huyu mzee asipotee.

Mizinga yake ilikuwa mitatu, magogo yaliyochongwa ndani na kuzibwa vifuniko vya mbao huku na huku, imelazwa kwenye matawi ya mti mkubwa wa muringa, chini kidogo ya kahawa. Kila mmoja ulikuwa na alama yake, mistari iliyochomwa kwa chuma cha moto, ili mtu akiuona popote ajue ni wa nani. Lakini miwili ilikuwa tupu, mmoja tayari umeteremshwa chini. Mmoja nyuki wake walihama wiki aliyozikwa Cucu. Mwingine ulihamwa wakati kaka yake Guka, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya mto, alipofariki. Hayo niliambiwa na mama, akiyasimulia kama mtu anavyosimulia mwaka wa kiangazi, maana kiangazi ndicho kilichowahamisha nyuki wale. Mimi kiangazi sikukisikia. Nilisikia mizinga mitatu na watu watatu. Nikatazama juu, nikauona mmoja uliobaki, unavuma, nikajua ni wa nani.

Sikumwambia mtu. Mtoto akishajua jambo kubwa namna hiyo hulinyamazia, akiogopa kwamba kulitaja ni kuliharakisha. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nilikwenda chini ya muringa kusikiliza.

Guka alidhani napenda nyuki. Basi akaanza kunifundisha, akiwa chini, kwa mzinga mmoja mtupu aliokuwa ameuteremsha zamani magoti yake yalipokuwa bado magoti.

"Ingiza kichwa."

Niliingiza. Ndani kulikuwa kweusi na kulinuka gundi, moshi wa kale na utamu wa mbali.

"Hapo mlangoni ndipo watoto wanalala. Asali iko nyuma, mwisho kabisa. Ukija kuvuna, unafungua nyuma. Ukifungua mbele, wewe ni mwizi na pia ni mjinga."

"Na ukichukua yote?"

"Wataenda. Nyuki ya huku kwetu si ng'ombe, bibi yangu. Hakuna kamba. Ukimkosea anabeba vitu vyake anaenda, hata kukuaga hakuagi."

Alinifundisha kufunga maganda makavu pamoja na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kuwasha taratibu, kupuliza mpaka moshi utoke mweupe na baridi. Nilidhani moshi unawalaza usingizi. Nililiona hilo jambo la wazi, kwa hiyo sikuuliza, na nisipouliza mimi basi ujue nina hakika.

Lakini kupanda mti, hapana. Mwanamke hapandi mti wa mizinga. Hilo halikuwa na maelezo wala hasira. Lilikuwa tu hivyo, kama kuku kutolala na mbuzi. Yeye mwenyewe hakuweza tena kupanda, na kijana aliyekuwa akimpandia alikuwa amekwenda Nairobi. Basi mzinga wa mwisho ukakaa huko juu bila kuvunwa, mzito, ukivuja kidogo siku za jua.

Tata Njeri alikuwa akiishi Chaka, kwenye barabara ya Nanyuki, akinunua viazi na kuuza. Ni mwanamke aliyecheka kwa mwili mzima. Kikundi chao cha akina mama kilikuwa kimefundishwa ufugaji wa nyuki wa kisasa, na siku moja alituletea habari hizo pamoja na sanduku tupu la mbao na ovaroli nyeupe yenye wavu usoni. Guka alilizunguka lile sanduku.

"Hii ni ya viatu?"

"Ni nyumba ya nyuki, baba. Ona." Akatoa fremu moja baada ya nyingine, kama mtu anayefungua kabati. "Unatoa moja, unaangalia mayai, unaangalia asali, unarudisha. Hauvunji kitu. Na inakaa chini, kwa meza. Sipandi mahali."

"Na nyuki zimekubali kupangiwa ukuta?"

"Zimekubali. Wewe unazipangia gogo, zilikukatalia?"

Guka akasema, "Gogo halina kona," akaenda zake kuangalia mbuzi. Lakini nilimwona baadaye, akidhani hakuna mtu, akiipimapima fremu kwa vidole, akinusa mbao zake.

Safari hiyo hiyo Tata alimwomba kwa mara nyingine ahamie Chaka. Mzee peke yake, na msichana mdogo, na baridi ya bondeni, haikuwa vizuri. "Niko na nyuki," Guka akasema. "Nitaziachia nani?" Ndilo jibu alilotoa kila mara, na kila mara wakaliheshimu. Mimi nililisikia kwa masikio yangu. Nilisikia mtu anayethibitisha nilichokuwa nikijua.

Halafu shamba likagawanywa. Wana wa Guka walikuwa watu wazima, na mpaka ukapigwa kwa miche ya mikaratusi kutoka barabarani hadi mtoni. Muringa ukaangukia upande wa mjomba Ndegwa, kitindamimba, aliyekuwa anataka kuoa na hakuwa na nyumba ya kumweka mke. Sitaki mmwone vibaya. Mti ule ulikuwa na mbao za nyumba nzima, na aliuomba kwa baba yake kwa heshima, akiwa amevua kofia. Guka akasema, "Ni wako." Tata Njeri akaahidi kuja na sanduku, wahamishe nyuki jioni moja tulivu kabla ya kukata.

Alikuja. Lakini watu wa msumeno walikuja siku hiyo hiyo, mchana, jua kali, nyuki wote wakiwa njiani kwenda na kurudi katika maua ya kahawa. Kesho walikuwa na kazi Karatina.

"Tunaweza kukata hivyo hivyo," mmoja wao akasema, akitazama juu. Ndipo akausikia ule mvumo, akarudi hatua kadhaa. "Aka. Sisi tunakata miti. Hiyo ingine haikuwa kwa mapatano."

"Mpaka jioni," Tata akawaomba.

"Mama, jioni tunataka mti uwe umelala. Kama ni kesho alfajiri, sawa, tutalala kwa lori. Lakini hizo nyuki zitoke sasa tuone zimetoka. Tusidanganywe."

Wakatazamana. Ndegwa hakuwahi kupanda mti wa nyuki maisha yake, na alisema hivyo bila aibu. Tata akajitazama kuanzia kifuani kwenda chini, akacheka. "Mimi nikipanda, hamtahitaji msumeno." Guka alikuwa ameshika kamba ya katani, ameizungusha begani tayari, na anatazama magoti yake mwenyewe kama mtu anayetazama wadeni.

"Mimi nitapanda," nikasema.

"Msichana?" Ndegwa akasema. "Baba, utakubali? Ati msichana kwa mti wa mizinga?"

Nilimtazama Guka nikitaka aone kwamba ninajua, kwamba sitamwacha. Aliniangalia muda mrefu. Sijui aliona nini. Pengine aliona jina.

"Geukeni," akawaambia wanaume.

"Nini?"

"Geukeni nyote. Upeni mti mgongo."

Wakageuka. Ndegwa akageuka, watu wa msumeno wakageuka, dereva wa lori akageuka na kofia yake mkononi kana kwamba yuko kaburini. Mwisho Guka mwenyewe akageuka, kamba begani, uso wake ukielekea kahawa. Mwanamke hakupanda mti wa mizinga mbele ya mwanamume yeyote siku ile. Hakuna aliyeona. Tata Njeri peke yake alibaki akitazama juu, ndani ya wavu wake ambao ungenikwaza matawini, akawa macho yao.

"Amefika?" Guka akauliza.

"Yuko tawi la kwanza."

"Moshi?"

"Ameshika."

"Apulize mlangoni kwanza. Angoje. Bibi yangu! Ngoja wale."

"Wale nini?" nikapaza sauti.

"Asali! Unafikiri wamelala? Wanajaza tumbo. Wanafikiri kunaungua, wanabeba chakula cha njiani. Mtu anayejitayarisha kuhama hana nafasi ya kugombana. Mpe nafasi!"

Nikangoja. Kweli nikawasikia wanabadilika sauti, wanaingia ndani. Wengine hawakuwa na njaa. Hao ndio walionipata jichoni na kwenye mdomo. Nilipitisha ncha ya kamba niliyopanda nayo juu ya tawi la juu, nikaifunga kwenye gogo alivyonionyesha chini mara nyingi, huku na huku, kisha nikalisukuma kwa miguu. Guka akaupokea uzito wote kwa bega, bila kuuona, akauachia kidogo kidogo huku Tata akimwambia, "Shusha. Shusha. Pole. Kona kidogo. Shusha." Nikiwa juu niliuona mgongo wake ukiinama chini ya uzito ule, na nikajisemea kwamba sasa atakufa, kwamba ni mimi nimeufungua mzinga wake mtini. Gogo likagusa nyasi. Guka akabaki amesimama.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya Tata. Alifungua kifuniko, akakata masega moja moja kwa kisu kirefu, na Guka, ambaye sasa aliruhusiwa kugeuka, akawa anayafunga kwenye fremu kwa nyuzi za mgomba.

"Mimi natumiaga raba," Tata akasema.

"Hii wataitafuna, waitupe nje. Raba watafanya nini nayo?"

"Haya, baba. Lakini usigeuze sega. Juu ibaki juu."

"Unanifundisha juu?"

Malkia hatukumwona. Tuliweka gogo mdomo wake ukielekea mlango wa sanduku, tukakaa kando. Hapo ndipo nilipojifunza kungoja kwa kweli. Nyuki wachache waliingia, wakatoka, wakaingia. Kisha wakasimama mlangoni, wakainua mikia, wakaanza kupepea kwa mabawa pale pale walipo, na Tata akanifinya mkono. "Mama yao ameingia. Wanaita wengine." Wakaanza kutembea, wote, kutoka gogoni kuingia sandukuni, kama watu wanaoingia kanisani mvua ikikaribia.

Lakini wale waliokuwa mbali mauani walirudi kwenye muringa. Walirudi pale pale, kwenye tawi, wakakuta hewa. Wakazunguka mahali ambapo mlango ulikuwa, wingu dogo la kahawia lisilojua litue wapi. Guka aliketi kwenye kigoda akiwatazama mpaka jua lilipoanza kuzama na mmoja mmoja wakateremka kufuata harufu ya wenzao. Ndipo Tata alipotoa kipande cha chuma chenye matundu madogo, akataka kukibandika mlangoni.

"Ya nini hiyo?"

"Ya kumzuia malkia asitoke. Wafanyakazi wanapita, yeye hapiti. Siku chache tu, mpaka wazoee. Bila hiyo wanaweza kuhama wote kesho."

"Toa."

"Baba, wakienda je?"

"Waende. Sitaki nyuki ya kufungiwa. Weka nyasi, wasafiri salama. Wakifika, mlango uwe wazi."

Tata akakitia kile chuma mfukoni. Akaziba mlango kwa nyasi laini. Mimi nilimtazama Guka usiku kucha kwa jicho langu moja, nikisikiliza kama anapumua.

Asubuhi ndiyo hiyo niliyoanza nayo. Tulipita Nyeri mjini, tukapita Kiganjo, milima ikaacha kutubana. Chaka ilikuwa mahali peupe, pana upepo, pasipo kahawa wala bonde la kujificha, mlima umesimama upande mmoja kama mtu asiyekuwa na la kusema. Njia nzima Guka alikuwa ameweka kiganja juu ya sanduku, nami nimeweka changu kando ya chake. Nilikuwa nahesabu kwamba kama wakikaa, atakaa. Kama wakienda, sikujua ningeenda wapi.

Nyumba ya Tata ilikuwa ya mbao, na nyuma ya jiko palikuwa na chumba alichokuwa akiweka magunia ya viazi. Magunia yalikuwa yametolewa. Ndani palikuwa na kitanda kimetandikwa, blanketi jipya, msumari ukutani wa kutundikia koti. Guka akatazama kitanda, akamtazama binti yake.

"Uliandaa lini?"

"Mwaka juzi," Tata akasema. "Kila msimu natoa viazi, baadaye narudisha."

Guka alitoka akaenda nyuma ya ua, ambapo sanduku lilikuwa limewekwa juu ya meza yake chini ya mgunga, akapiga goti lile bovu chini, akavuta nyasi. Nikafumba jicho langu zima.

Niliposikia hawajaondoka nikalifumbua. Walikuwa wametoka, lakini hawakwenda popote. Kila nyuki aliyetoka aligeuka, akaupa ulimwengu mgongo, akakaa hewani akiutazama mlango aliotoka. Akasogea kushoto, akautazama. Kulia, akautazama. Akarudi nyuma kidogo, akautazama tena, kila mara mbali zaidi kidogo.

"Wanafanya nini, Guka?"

"Wanasoma mlango. Ndiyo wajue kurudi."

Alisimama kwa kunishika bega. Akaenda chumbani, akatundika koti kwenye msumari, na papo hapo akatoka tena. Nikafikiri amekataa. Nikafikiri anarudi kwenye pikapu. Lakini alikwenda hadi kwenye ua wa michongoma, akageuka, akasimama akikitazama kile chumba. Akasogea kushoto. Akasogea kulia. Upepo wa Chaka ulikuwa ukimpiga shati.

Nikaenda nikasimama kando yake.

"Bibi yangu," akasema, "ule mlango ni wa rangi gani? Kutoka hapa sioni vizuri."

"Ni wa kijani, Guka."

"Kijani," akasema, akarudi hatua nyingine nyuma.